Kipindupindu cha Kuku

Kuku wa maskini alitaga, akaangua, akalea. Mwewe ndiye aliyeshindwa kuja kuchukua fungu lake. Alikuwa amelala juu ya bati la banda, mbawa zimetanuka, jicho moja wazi, na sisimizi walikwisha kumfikia.

Paskalina alimtazama huku ameshika ufagio. Miaka yote alimjua mwewe kama kivuli kinachokata uani, kuku wakatawanyika. Sasa alimsukuma kwa mpini, akaanguka chini bila kishindo, mwepesi kama tambara. Hakuna kuku aliyekimbia.

Ndani ya banda walikuwa wamelala, kila mmoja mahali pake, kama watu walioambiwa wasubiri kwenye benchi. Upanga wa kichwani umegeuka zambarau, ndevu zimevimba, mavi ya kijani yamegandia mkiani. Jogoo mmoja alikuwa bado anapumua, mdomo wazi, ute ukining'inia hadi kifuani. Nje, kando ya mfereji unaoleta maji ya mpunga kijijini Lyanzuki, bata wake walikuwa wanaelea kwenye majani, vichwa ndani ya maji.

Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Hakulia. Alikuwa amechoka kwa namna ambayo machozi yangekuwa kazi nyingine ya kufanya.

Wifi yake, Esta, alipita na beseni kichwani, njiani kwenda stendi ya Igawa. Wote wawili waliuza chakula kule, mahali mabasi ya Iringa na Mbeya yanaposimama: Esta maandazi na samaki wa kukaanga, Paskalina mayai ya kuchemsha na kuku wa kienyeji.

"Kamwene, wifi."

"Kamwene."

Esta alichungulia bandani, beseni likayumba. "Yesu wangu! Kideri."

"Nilichanja."

"Ulichanja na nini, maji ya kisima?"

"Nilichanja, Esta. Wewe mwenyewe ulikuwa umewashika, mimi nadondosha dawa jichoni."

"Basi dawa ilikuwa imekufa kabla yao." Esta alishusha pumzi, akapunguza sauti. "Mchinje huyo anayepumua, twende naye. Abiria haulizi kuku alilalaje. Anauliza pilipili iko wapi."

Paskalina alikishika kisu. Hilo hakulificha baadaye, hata kwa padri. Alikishika, akampinda jogoo shingo, ute ukamchuruzikia kiganjani, wa baridi. Akakiweka kisu chini.

"Nenda tu, wifi. Mimi naita bwana mifugo."

Liberatus, bwana mifugo wa kata, alikuja na pikipiki ya serikali iliyofungwa kiti kwa mpira. Alikuwa kijana mpole, asiyependa kukaribishwa chai kwa sababu alijua sukari ya watu inavyopatikana. Alivaa glavu, akatandaza gunia, akampasua bata.

"Ona ini, mama."

Ini lilikuwa na vidoa vyeupe, kama mtu amelinyunyizia sembe. Akaukata moyo. Ulikuwa umejaa matone ya damu, kama uliochomwachomwa kwa sindano.

"Kideri?"

"Kideri hakiwazoi bata namna hii. Wala mwewe." Alijifuta jasho kwa mkono wa shati. "Hiki ni kipindupindu cha kuku."

Paskalina aliruka nyuma.

"Cha kuku, mama, cha kuku! Jina tu. Ni bakteria wake mwenyewe, hana undugu na kile cha watu. Kinampata ndege yeyote. Kuku, bata, kanga, kunguru, hata hao korongo wa mashambani. Akinywa maji yenye mzoga, anacho. Akila mzoga, anacho."

"Maji yenye mzoga gani?"

Walipanda pamoja kando ya mfereji mpaka kwenye lango la maji. Hapo maji yalikuwa yamekwama, yanazunguka. Viroba vya chakula cha kuku vilikuwa vimebana langoni, kimoja kimepasuka, na kutoka ndani yake kuku weupe wa mayai walikuwa wakitoka mmoja mmoja, wamevimba, kama wanaoshuka basi. Katika Lyanzuki nzima aliyefuga kuku weupe alikuwa mmoja tu, Mzee Marcelino, na shamba lake lilikuwa juu ya lango.

Liberatus alivua glavu moja. Akaivaa tena.

"Shamba la Mzee lina shimo lake la kutupia mizoga," alisema, ingawa hakuna aliyemuuliza.

"Hili si shimo."

"Naona, mama." Alisimama kidogo akitazama maji. "Sikiliza. Wapitie majirani. Wasile mizoga, wasiitupe mferejini, wachimbe wafukie na chokaa. Kama chokaa hakuna, majivu mengi. Kuku walio hai wafungiwe, wasinywe maji haya. Mimi naenda ofisini kuandika."

"Wakiuliza ni nini?"

"Waambie ni kipindupindu cha kuku. Litaje vizuri."

Alilitaja vizuri. Alipita nyumba kwa nyumba, kanga imefungwa kiunoni, na kila mlangoni alilisema jina lote, akikaza sauti mwishoni kama mwalimu wa imla: kipindupindu *cha kuku*. Wengine walimshukuru. Mama mmoja alicheka, akasema kuku nao siku hizi wanajifanya watu. Kisha majirani wakawaambia majirani, waendesha bodaboda wakawabebea abiria habari pamoja na mizigo, na mtu mmoja mwenye simu akaandika kwenye kundi la wauzaji wa mpunga. Kati ya Lyanzuki na barabara kuu, maneno mawili yalianguka njiani. Neno lililofika Igawa lilikuwa moja.

Asubuhi iliyofuata makondakta walining'inia milangoni wakipiga mabati.

"Hakuna kushuka hapa! Igawa kipindupindu!"

"Anayetaka yai la Igawa aje na dripu yake!"

Mabasi yalipunguza mwendo, abiria wakafunga vioo, yakaondoka. Wanawake wa stendi walikimbia kando yake na mabeseni yao, wakipiga vioo kwa viganja, "Mama, ndizi tu! Kaka, ndizi haina kipindupindu!" Mchana maofisa wa afya walikuja wamefunika midomo, wakamwaga dawa vyooni, wakamwaga na juu ya maandazi ya Esta. Jioni kila mwanamke alirudi na beseni lile lile alilotoka nalo, zito.

Paskalina aliitwa ofisi ya kijiji.

Ofisi ilikuwa na saruji mpya na bati jipya, na juu ya mlango palikuwa na kibao cha kumshukuru aliyevitoa. Mtoaji alikuwa ndani, kwenye kiti cha plastiki, kofia magotini. Mzee Marcelino hakuwa mtu wa makelele. Mtendaji wa kijiji, Adrian, ndiye aliyekuwa na makelele. Liberatus alikaa pembeni karibu na dirisha.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nimesikia umepoteza kuku. Pole sana. Kuku ni jasho."

"Asante, Mzee."

Adrian aligonga meza kwa kalamu. "Mama Fausta. Katika nchi hii, nani anatangaza kipindupindu?"

"Sikutangaza. Niliwaambia majirani."

"Wewe ni waziri?"

"Nauza mayai."

"Ahaa! Muuza mayai katangaza kipindupindu." Alimgeukia Mzee apate mwenzake wa kucheka, hakumpata, akakohoa. "Unajua kuzua taharuki ni kosa? Unajua unaweza kulala Rujewa leo, kituoni?"

"Nilisema kipindupindu cha kuku."

"Mimi niliambiwa kipindupindu. Wilayani wamepigiwa simu, wameambiwa kipindupindu. Hicho 'cha kuku' chako kiko wapi? Kilete hapa mezani tukione."

Paskalina aligeukia dirishani. "Bwana mifugo. Neno ni lako. Uliniambia nipite niwaambie."

Liberatus alikuwa akisoma kalenda ya ukutani, ya mwaka uliopita. "Kwa kuangalia kwa macho tu," alisema taratibu, "bila maabara… dalili zinaelekea kwenye kideri."

"Na bata?"

"Bata… nao hupata, mara nyingine."

"Na mwewe?"

"Mwewe si mfugo!" Adrian alidakia. "Serikali ya kijiji haina mwewe."

Mzee Marcelino aliinua kiganja, Adrian akanyamaza kama redio iliyochomolewa.

"Mwanangu, nielewe," alisema Mzee. "Kideri ni aibu ya mtu mmoja ambaye hakuchanja. Inaisha kwake. Hilo neno lako ni aibu ya wilaya. Wakileta karantini, magari yangu ya kupeleka kuku soko la Soweto, Mbeya, yatasimama. Vijana wanaookota mayai kwangu watarudi nyumbani, na ni vijana wa humu humu. Tayari wenzako stendi hawauzi. Sisi tunataka tu kulirudisha neno lilikotoka."

"Neno lilitoka mferejini, Mzee. Kwenye viroba vya langoni."

"Viroba gani?"

Aliuliza kwa upole, kama mtu anayeuliza njia. Paskalina alimtazama Adrian, akamtazama Liberatus. Yeye mwenyewe alikuwa amepita kwenye lango la maji akija; maji yalikuwa yanatiririka safi, hakuna hata unyoya. Alidhani ni mtu mwema aliyesafisha.

"Jumamosi kuna mkutano ghalani," Adrian alisema. "Utasimama. Utasema hukuchanja, kuku wakafa kwa kideri, ukateleza ulimi. Utaomba radhi kwa kijiji na kwa Mzee, jina lake limechafuka. Mpaka hapo, meza yako stendi imefungwa."

"Na ukimaliza," Mzee alisema akivaa kofia, "pita shambani, nikupe vifaranga uanze upya. Mimi sina kinyongo."

Meza ilikuwa ubao mmoja juu ya matofali, na mwavuli wa kampuni ya simu uliopauka. Alikuwa na nafasi ile tangu mumewe alipofariki; kule ndiko Fausta, binti yake, alikojifunzia kuhesabu kwa maganda ya mayai, na kutoka kule alipelekwa chuo cha uuguzi Iringa. Alipokwenda kuichukua sufuria yake, alikuta mwavuli umekunjwa na kufungwa mnyororo. Wanawake wa meza za jirani walimsalimia bila kuinua macho. Mabasi yalikuwa hayajaanza kusimama.

Esta alimfuata nyumbani. Hakukaa.

"Wifi, omba radhi."

"Kwa lipi?"

"Kwa lolote! Radhi ni mate tu. Unatema, unafuta mdomo. Mimi maandazi yangu yamemwagiwa dawa ya choo mbele ya watu, nikayatupa mwenyewe kwa mikono yangu. Tangu juzi watoto wanakula uji wa chumvi. Watu wanasema ni yule wifi yako Mhehe, mwenye kichwa kigumu kama nguzo za mawe za Isimila."

"Wanataka niseme sikuchanja."

"Sema."

"Aliyeshika kuku ni nani, Esta?"

Esta aliangalia banda tupu. Majivu yalikuwa yametandazwa juu ya shimo, na kunguru mmoja aliyelegea alikuwa akitembea pembeni yake, mabawa yakiburuzika.

"Wakiniuliza," Esta alisema, "hata mimi nitasema sikushika."

Alisema bila ubaya.

Ijumaa, Liberatus alimkuta anachota maji kisimani. Alizima pikipiki, akabaki juu yake na kofia kichwani, hivyo sauti yake ilitoka kama ya mtu aliye ndani ya mtungi.

"Mama, maliza tu hili jambo."

"Bata hufa kwa kideri, bwana mifugo?"

"Usiniulize hivyo."

"Nauliza nijue. Nikifuga tena, nijue."

Alivua kofia. Macho yalikuwa mekundu. "Nyumba ninayopanga ni ya Mzee. Na wilayani wamenikumbusha kuna nafasi ya bwana mifugo Makongolosi. Kule watu wanachimba dhahabu, hakuna kuku. Mke wangu yuko kliniki, anakaribia kujifungua." Alijaribu kutabasamu. "Nilikuambia ulitaje vizuri. Na ulilitaja vizuri. Nilikusikia mwenyewe, nilikuwa napita."

"Basi kesho useme ulinisikia."

Liberatus alivaa kofia yake, akaifunga kidevuni polepole sana, na kuwasha pikipiki.

Siku ya mkutano ghala la mpunga lilijaa kabla mtendaji hajafika, maana habari nyingine ilikuwa imetembea kijijini, na hii haikupoteza hata neno: kutakuwa na pilau ya kuku. Mzee Marcelino ndiye aliyetoa. Tangu alfajiri wanawake walikuwa mferejini wakinyonyoa na kuosha, na unyoya mweupe ulishuka na maji kuelekea mashamba ya chini. Kuku wenyewe waliletwa wameshachinjwa, kwenye magunia. Hakuna aliyeuliza kwa nini walichinjiwa kwao. Mama mmoja alipokata ini na kuona vidoa, alilitupa kwa mbwa, akaendelea na lingine, akalitupa pia, kisha akaacha kuyatazama.

Masufuria matatu yalichemka nyuma ya ghala. Harufu ya bizari iliingia madirishani, ikakaa na watu kwenye mikeka. Watoto walishika sahani zao kifuani kama vitabu.

Adrian alipuliza kipaza sauti. "Wananchi, tuna jambo moja dogo, kisha tule. Mama Fausta ana neno kwenu. Karibu, mama. Kwa ufupi, wali usigande."

Watu walicheka. Paskalina alisimama. Kipaza sauti kilikuwa cha moto kutoka mkononi mwa Adrian, kina harufu ya mate ya watu. Aliona wanawake wa stendi wamekaa pamoja upande wa kushoto, mikono magotini. Aliona Liberatus mlangoni, nusu ndani nusu nje. Aliona kinywa cha Esta kikisogea, kinamsemea maneno mapema kama mama anavyomsemea mtoto jukwaani.

"Kuku wangu wamekufa," alisema. "Na bata. Nilikuwa nimewachanja kideri. Nilichowaambia ni kipindupindu cha kuku, na nilikitaja chote. Aliyekikata si mimi. Wenzangu wa stendi, mabasi hayajasimama, najua. Nawapa pole. Ila maji ya mfereji—"

Sauti yake ikawa ndogo ghafla. Adrian alikuwa amechomoa waya.

"Mama, tulikubaliana."

"Mimi sikukubali. Nilinyamaza."

"Omba radhi!" mtu aliita kutoka nyuma. Mwingine, kwa utani, "Omba tule, Mhehe wewe!" Vijana waliipokea, wakaigeuza wimbo, wakipiga sahani za bati kwa vijiko. *Omba tule. Omba tule.* Watoto walijiunga kwa sababu ulikuwa mzuri kuimba. Wapishi walisimama mlangoni na miko mikononi, wakisubiri amri.

Ndipo Esta aliposimama. Alijifunga kanga upya, akaja mbele, akapiga magoti sakafuni, kwenye makapi ya mpunga, akimtazama Mzee Marcelino.

"Mzee wetu, na kijiji chote. Naomba radhi kwa niaba ya familia. Wifi yangu amefiwa na kuku, kichwa hakijatulia. Hakuchanja. Ni kideri."

Ghala likapiga makofi. Hayakuwa makofi ya furaha. Yalikuwa ya watu waliotua mzigo. Mzee alimwinua Esta kwa mikono yake mwenyewe. Adrian alirudisha waya akatangaza kwamba familia imeomba radhi, kwamba Lyanzuki ni salama, na kwamba kila mtu apange foleni, watoto kwanza.

Walipanga. Miko ilizama. Waliokula walikula upesi, vichwa chini. Wanawake wa stendi walikula. Liberatus alipewa sahani akaishika, akala wali wa pembeni, hakugusa nyama. Mtoto mmoja alimaliza, akakimbilia mferejini kuosha sahani yake arudi mara ya pili.

Paskalina alikuwa amesimama pale pale. Mzee Marcelino alipita katikati ya watu akiwa amebeba sahani mwenyewe, jambo ambalo watu waliliona na kulipenda. Kidari kizima kilikuwa juu ya wali. Alimnyooshea.

"Kula, mwanangu. Kesho meza yako itafunguliwa. Wifi yako ameshakusemea, yamekwisha."

Mikono ya Paskalina ilibaki ubavuni. Watu wa karibu waliacha kutafuna.

"Amesema Esta," alijibu. "Mimi siombi radhi."